Madonda Niliyoyatibu Bila Kuyaona

Vijana wa chumba cha madonda, mmenitaka niandike mambo ya kazi yetu kabla sijaanza kuyasahau. Vyeo sitavigusa, maana nilipata viwili tu kwa miaka yote hiyo, na cha pili nilipewa kwa sababu mwenzangu alihama. Nitaandika juu ya woga. Mkasi huwa butu, koleo hupotea, dawa huisha kabla ya lori kufika, lakini woga nilikuwa nao kila siku ya kazi, na nilipoufuata kuliko kazi yenyewe, watu waliumia.

Niliingia hospitali ya misheni nikiwa nimemaliza darasa la nne. Nilijua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya tatu, na niliamini hayo yatatosha. Siku ya kwanza nilipewa pipa la bendeji zilizotumika, nizifue, nizichemshe na kuzianika. Wakati ule bendeji haikutupwa. Ilirudi mguuni mpaka ionekane kama utando wa buibui. Nilifunua pipa, harufu ikanipiga usoni, nikakimbilia nyuma ya jiko na kutapika uji wote wa asubuhi.

Nilipoinua kichwa, mzee mmoja mrefu mwenye kanzu fupi alikuwa amesimama akinitazama. Ndiye Mzee Saidi Ntandu, dresa mkuu, yaani mkubwa wa wasafisha madonda, Mnyaturu wa upande wa Ikungi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nawa uje. Hata mimi nilitapika. Daktari naye alitapika alipofika, ila yeye alisingizia nyama ya kopo."

Mzee Saidi alikuwa Mwislamu katika hospitali ya Wakristo. Aliswali nyuma ya stoo saa zake zikifika, na Daktari, Mzungu mwenye haraka na kila kitu, alijifunza kumngoja. Kwa madonda hapakuwa na mtu mwingine kama yeye. Watu wa kwetu ni wakulima na wafugaji. Mguu huchomwa na mwiba, hukatwa na jembe, huunguzwa na sufuria ya uji, na kidonda kidogo kikipuuzwa hugeuka donda ndugu linalokaa miaka. Asubuhi walijipanga ukutani, miguu imenyooshwa juani, nzi wakiwa wamewatangulia. Mzee Saidi aliosha kwa maji ya zambarau, akakausha, akanyunyiza unga wa njano, akafunga bendeji kuanzia vidoleni kwenda juu. "Ukianzia juu," alisema, "damu itakwama, na mgonjwa atakutukana akiwa njiani, wewe husikii."

Mwezi wangu wa tatu kazini aliniita kwenye kona. Alikuwa ameketi mwanamume mmoja mwenye donda kwenye goti, tulivu kabisa kana kwamba mguu si wake.

"Weka kidole ukingoni hapa," Mzee Saidi aliniambia. "Unaona nini?"

Kingo za donda zilikuwa zimepanda na kujikunja kwa nje, kama mdomo wa chungu. Zilikuwa ngumu. Katikati nyama ilikuwa imevimba vimbavimba, na ilipoguswa kidogo tu ilitoa damu.

"Ni donda la zamani," nikajibu.

"Lilikuwa donda. Donda linataka kufunga, ukilisaidia linafunga. Hili halitaki kufunga, linataka kula. Daktari analiita kansa. Lilianza kama yale ya pale ukutani, likaachwa miaka, likageuka." Akanishika kiwiko, akanivuta mpaka nje ya mlango ili mgonjwa asisikie. "Kwa hiyo usimpe mtu dawa ya donda usiloliona kwa macho yako. Awe jumbe, awe mchungaji, awe nani. Kama hujaliona, hujui unapaka dawa kitu gani."

Siku ile nilinawa mikono mpaka ngozi ya viganja ikapasuka. Kwa majuma kadhaa nilikula kwa kijiko, nikiogopa kwamba kitu kile kimenirukia. Daktari alitukusanya akatueleza kwamba kansa hairuki kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwamba ni nyama ya mtu mwenyewe iliyoasi. Masikio yangu yalimwamini. Mikono yangu ilichelewa sana.

Baada ya miaka michache nilipelekwa peke yangu kuangalia dispensari ndogo Kinyangiri. Siku hizo reli ilikuwa bado inafika pale. Treni ilitoka Manyoni, ikapita Singida, ikaishia kwetu. Nilikuwa na chumba kimoja cha matofali ya udongo, meza, jiko la spiriti, beseni mbili, kabati la dawa na daftari. Nilikuwa pia na kazi ya kupokea mfuko wa barua za hospitali kutoka stesheni na kuupeleka kwa baiskeli, mwendo wa nusu siku. Nilijiona mtu mkubwa. Nilioa, mke wangu akiwa Raheli, binti wa Mzee Yona wa Ulemo.

Hapa niwakumbushe jambo ambalo ninyi wa mjini mnalicheka. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Akija njiani, unaingia porini mpaka apite. Hamli chombo kimoja, humtaji jina, na maneno yakiwapo yanapitia kwa mtu wa katikati. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa heshima hasa. Miaka yote ile nilichokijua kwake ni sauti nyuma ya ukuta wa nyumba yao ya tembe na ncha ya kaniki ikipotea mlangoni.

Siku moja Raheli alirudi kutoka kwao akasema, "Mama anaomba unga wa donda."

"Donda gani?"

"La mguuni. Aliungua na sufuria nikiwa mdogo, pakafunga, sasa pamefunguka tena."

Nilifunga unga kwenye karatasi, nikatoa bendeji mbili nzuri, nikampa. Sikuuliza zaidi. Baada ya mavuno akaomba tena, nikatoa. Masika yakapita, nikatoa. Nilikuwa nikisikia maneno ya Mzee Saidi kichwani kila nilipokunja karatasi ile, na kila mara nilijijibu kwamba yeye hakuwa akisema juu ya wakwe. Ukweli niliujua. Kovu la moto linalofunguka lenyewe baada ya miaka si jambo la kutumiwa unga kwenye karatasi. Lakini kuomba kuona mguu wa mama mkwe! Ningeanzia wapi? Nilitoa unga miaka minne.

Mwaka wa nne tulikwenda Ulemo kwenye msiba wa shangazi yake Raheli. Niliketi uani na wanaume, chakula kikaletwa, ugali wa uwele na mlenda. Upepo ukageuka. Ukatokea ndani ya tembe, ukapita usoni mwangu, na tonge likasimama mdomoni.

Ninyi mnaijua harufu hiyo. Usaha wa kawaida una harufu yake, na hii ni nyingine, nzito, tamu kidogo, unaipata kooni kabla ya puani. Wazee waliendelea kula. Wao walikwisha kuizoea. Mimi nilitazama tembe lile, nikahesabu miaka.

Watu walipotawanyika nilimfuata baba mkwe kwenye zizi.

"Baba, ninaomba nimwone mama mguu."

Mzee Yona aligeuka polepole. "Umesema?"

"Mguu, baba. Lile donda."

"Si unaleta dawa?"

"Naleta. Sikupaswa kuleta bila kuona."

"Unataka kumfunua mama yako mkwe? Hapa kwangu? Watu wa msiba hata hawajafika kwao?" Sauti yake ilipanda. "Raheli! Njoo umsikie mume wako!"

Raheli alikuja. Hakumtazama baba yake, alinitazama mimi, na nadhani aliona usoni kwangu kile nilichokuwa nikijaribu kuficha. Aliingia ndani, akakaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa amebeba mkeka. Akautundika mlangoni kama pazia, ukaacha nafasi chini ya urefu wa mkono mmoja.

"Mama amekubali," alisema. "Atakaa nyuma ya huu. Ataonekana mguu tu."

Nilipiga magoti. Mguu ulitokea chini ya mkeka, mguu mwembamba wa mwanamke aliyelima maisha yake yote, na bendeji zangu nzuri zikiwa zimegeuka kahawia. Nilizilowesha, nikazifungua. Bendeji ya mwisho ilipotoka nikaona kingo. Zilikuwa zimepanda pande zote, zimejikunja, na kitu kile kilikuwa kimeota juu ya muundi wa mguu kama uyoga wa baada ya mvua.

Raheli alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

"Mbona kimya?" Sauti ilitoka nyuma ya mkeka. Kwa mara ya kwanza mama mkwe wangu alisema na mimi bila mtu katikati.

"Mama, mguu huu lazima Daktari auone."

"Utakatwa?"

"Sijui, mama."

"Unajua," akasema. Kisha mguu ukarudi ndani taratibu.

Ilichukua juma zima kupata lori na kumfikisha hospitali. Alipanda lori la mfanyabiashara wa ngozi, amefunikwa shuka kichwani, Raheli kando yake, mimi nikiwa nyuma juu ya marobota ili nisikae naye karibu. Daktari alitazama, akabonyeza, akauliza umri wa kovu. Halafu akakata kipande kidogo kutoka ukingoni, kama punje ya hindi, akakitumbukiza kwenye chupa ya mdomo mpana yenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze. Kipande hicho kilipaswa kwenda maabara ya Dar es Salaam, kikatwe vyembamba, kitazamwe kwa hadubini. Bila karatasi kutoka huko, Daktari hakukata kiungo cha mtu.

"Andika jina," akaniambia, akinisogezea lebo.

Nilishika kalamu. Jina lile sikuwahi kulitamka wala kuliandika. Nilimtazama Raheli, akalitaja kwa sauti ya chini, na mimi nikaliandika, herufi zikipanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Hata hapa siliandiki. Niliziba chupa kwa nta, nikaizungushia pamba, nikaiweka ndani ya kopo la chai, nikaisafirisha mwenyewe mpaka stesheni ya Kinyangiri. Mkuu wa stesheni aliuliza ndani kuna nini. Nikamwambia, nyama. Aliandika kwenye hati yake "nyama", na sijui walioipokea Manyoni walitegemea nini.

Mama mkwe alibaki wodini. Mimi nilirudi dispensari kungoja. Kila siku ya treni nilianza kuisikia kabla haijafika, na mara nyingine nilisikia treni ambayo haikuwapo. Nilianza kupapasa miguu yangu mwenyewe, nikigundua makovu ya utotoni niliyokuwa nimeyasahau, nikiyabonyeza kingo. Mgonjwa akiingia na mkwaruzo nilimwinamia kwa dakika nyingi mpaka anaogopa. Raheli alipika, tukakaa na chakula katikati yetu, na yeye hakunilaumu hata mara moja. Ningependa angenilaumu.

Juma la tano mfuko wa barua uliposhushwa, nilikuta bahasha ndefu yenye muhuri wa maabara. Ilikuwa imefungwa, jina la Daktari juu yake. Nilikuwa na amri ya kuipeleka, sina ruhusa ya kuifungua. Niliitia kifuani ndani ya shati na kupanda baiskeli. Nusu ya njia, penye mchanga ambapo lazima ushuke usukume, niliitoa nikaiinua juani. Niliona kivuli cha maandishi, mistari mitatu tu. Nilijiambia kwamba mistari mitatu ni michache, kwamba habari mbaya ingeandikwa kwa urefu. Kisha nikajiambia kwamba habari mbaya ndiyo isiyohitaji maneno mengi. Nilisimama pale kama mwizi, karatasi juani, mpaka mwanamke mmoja mwenye kuni akanisalimia nikaruka.

Daktari aliifungua akiwa amesimama. Akaisoma mara mbili. "Kansa," akasema. "Tutakata juu ya goti."

Nilimuuliza kama hakuna njia nyingine. Aliketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akaniambia kwamba huko Ulaya wanayo madini yanayoitwa radiamu, yanayotoa miali ya kuunguza kansa, na wanayo mitambo ya miali pia. "Lakini inaunguza hata wanaoishika," akasema. "Nimewaona madaktari waliopoteza vidole. Na kwa mfupa uliokwisha kuliwa hivi, hata wao wangekata. Cha muhimu ni kama imepanda kwenye mitoki, zile tezi za kinena." Sista, muuguzi wa wodi, akampapasa mama mkwe kinena. Hapakuwa na uvimbe. Nilisikia neno hilo nikiwa nje ya pazia.

Siku ya kukata, wasaidizi wawili walikuwa wagonjwa. Alihitajika mtu wa kudondosha etha ya usingizi na mtu wa kushika mguu. Daktari alinionyesha upande wa miguu. Nilisimama pale pale nilipokuwa. Mzee Saidi, ambaye macho yake yalikwisha kuanza kufifia na ambaye alikuwa hapangiwi tena chumba cha upasuaji, alinawa mpaka viwiko akaja.

"Huyu ni mkwewe," alimwambia Daktari. "Mguu nitaushika mimi. Yeye akae kichwani."

Nilidondosha etha juu ya kitambaa, tone baada ya tone, na ilinibidi kutazama uso wa mama mkwe wangu ili nione anavyopumua. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa na alama ndogo juu ya nyusi, sawasawa na ya Raheli. Msumeno ulipoanza sikugeuka. Nilihesabu pumzi. Kati ya pumzi na pumzi paliingia kimya kirefu mara moja, nikadhani nimemuua kwa etha baada ya kushindwa kumuua kwa unga, kisha kifua kikainuka. Mguu ulipoachia, Mzee Saidi aliyumba kidogo kwa uzito wake, akaupokea kwa mikono miwili, akaufunika kwa shuka safi. Mzee Yona aliuomba. Waliuzika Ulemo.

Alipona. Fundi seremala wa misheni alimchongea mguu wa mti. Siku aliyoruhusiwa, alisimama mlangoni mwa wodi, uso ameupeleka upande, nami nimeupeleka upande wangu.

"Miaka minne ulinitumia unga," akasema. "Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona aibu, mama."

"Mimi nilificha kwa sababu niliona wewe una aibu. Nilisema, mkwe wangu ni mtu wa dawa. Lingekuwa baya angeuliza." Akagonga mguu wa mti sakafuni, akijaribu. "Wako wengine?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wako.

Nilirudi Kinyangiri nikafungua daftari. Nilipiga mstari chini ya kila jina la mtu aliyechukua dawa kwa niaba ya mwingine: mke wa fulani, kaka wa fulani, "kwa ajili ya bibi". Mistari ilijaa kurasa. Nilimwandikia Daktari nikamwambia kila kitu. Hakunifukuza. Alinijibu kwa maswali ya kuuliza kila mguu: lilianza na nini, moto au mwiba au jembe, miaka mingapi, liliwahi kufunga, kingo zikoje. Alitaka kujua ni madonda ya namna gani yanayogeuka, ili tuwahi. Nilifunga dispensari siku mbili za kila juma, nikaanza kutembelea.

Mengi yalikuwa madonda tu. Nilipoona kingo zimelala nilitaka kumkumbatia mgonjwa, naye hajui kwa nini dresa anacheka mbele ya usaha.

Jina la Gunda lilikuwa karibu na mwisho. Alikuwa mfugaji wa upande wa Sibiti. Mke wake alikuwa akija kuchukua unga kwa miaka miwili, mwanamke mkimya, hakukosa. Nilimkuta Gunda amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, amejiegemeza kwenye mkuki, anachunga. Aliniruhusu nione bila kusita. Kingo zilikuwa zimepanda.

"Ndugu Gunda, twende hospitali kesho."

"Kufanya nini?"

"Daktari apime. Huenda akakata."

"Mguu?"

"Mguu."

Akacheka. "Hawa ng'ombe atawafuata nani? Wewe na baiskeli yako?"

Nilimweleza juu ya kansa, nikamweleza juu ya mama mkwe wangu, nikamsihi. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa maziwa, akasema atafikiri baada ya masika. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amehamia malisho mengine.

Masika yalipokwisha aliletwa Kinyangiri kwa machela, watu wanne wakipokezana. Nilimfunua kinena. Mitoki ilikuwa imevimba, mmoja umepasuka, na donda la pili limefunguka pale. Tulimfikisha hospitali. Daktari alimtazama, akaagiza dawa ya maumivu, na hakutaja msumeno. Alipoosha mikono aliniambia kwamba kwenye majarida yake wanaandika juu ya miali yenye nguvu na dawa zinazotafutwa. "Zitakuja," akasema. "Hazijaja."

Gunda alijua. Alasiri moja nilikuwa nambadilishia bendeji akanishika mkono.

"Mke wangu alipoanza kuja kwako, mwaka ule wa kwanza. Ungekuja kunitazama wakati ule, ingekuwaje?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikwisha kulitumia neno hilo mara moja.

"Kingekatwa kipande kidogo. Huenda mguu ungebaki."

"Na kwa nini hukuja?"

"Dispensari ilikuwa na watu."

"Kila siku?"

"Si kila siku."

Usoni mwake hapakuwa na hasira, na hiyo ilinitisha kuliko hasira. "Una lile daftari ulilokuja nalo kwangu?"

"Ninalo."

"Andika humo. Andika kwamba hukuja."

"Gunda..."

"Andika. Mwingine atakayesoma ajue."

Nililitoa mfukoni nikaandika mbele yake, nikamsomea. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayehakikisha idadi ya mifugo imetimia. Alikufa siku ya nne. Mke wake alikuja kuniaga kabla hawajaondoka naye, akanishukuru kwa unga.

Miaka iliyofuata mnaifahamu kwa kusimuliwa. Vita vikaja, reli ya Kinyangiri ikang'olewa, chupa zetu zikaanza kusafiri kwa lori. Mzee Saidi alirudi kwao akapofuka, lakini nilipomtembelea alitaka bado nimweleze kingo moja moja. Ikaja salfa, ikaja pensilini, na madonda yaliyokuwa yakikaa miaka yakaanza kufunga kwa majuma. Vijana mlioanza wakati huo mnadhani ilikuwa hivyo siku zote. Daktari alikusanya madaftari yangu na ya wengine, akaandika makala juu ya makovu ya moto na madonda ya zamani, ikachapishwa Ulaya. Humo tuko, bila majina. Alitusomea pia kwamba dawa mpya ya kansa ya damu imetokana na gesi ya sumu ya vita, na kwamba madaktari wa Uingereza wamehesabu wagonjwa wakaona kansa ya mapafu inawafuata wavuta sigara. Siku ile madresa wawili walizima sigara. Mmoja aliiwasha tena baada ya chakula.

Mama mkwe wangu yupo hai. Wanawake wa Ulemo wakificha kitu chini ya kaniki, huwafuata kwa ule mguu wake wa mti na kuwaambia wamwonyeshe mkwe wake. Mimi na yeye bado hatutazamani.

Siku yangu ya mwisho kazini mlinipangia chai, mkaazima viti vya kanisa, na Daktari mpya akaandaa hotuba. Mlikasirika kwa kuwa sikuwapo, na hamkuniuliza nilikuwa wapi. Asubuhi ile mwanamume mmoja alifika dirishani akaomba dawa ya donda la mama yake. Kijana wa zamu, mwema tu, alikwisha kunyoosha mkono kwenye kopo. Nilimuuliza yule bwana mama yuko wapi. Akasema nyumbani, ni mbali, na donda ni la siku nyingi, ni aibu kwake kuja. Nilichukua baiskeli.

Ilikuwa saa nne za mwendo. Yule bwana alitangulia, akanieleza kovu lilikuwa la moto, na tokea hapo sikusikia tena alichosema. Bibi yule alikataa, akanisema vibaya, nikaketi uani mpaka akachoka. Alipotoa mguu, niliosha kwanza, nikaweka kidole ukingoni, nikazunguka polepole mpaka nilipoanzia. Kingo zilikuwa zimelala, laini, na nyama ya chini ilikuwa nyekundu, inataka kufunga. Lilikuwa donda tu.

Nilimfunga bendeji kuanzia vidoleni kwenda juu, nikamwambia aje kliniki, nikaaga vizuri. Nilipopita kona, mahali wasipoweza kuniona, nililaza baiskeli majanini nikaketi kando ya njia, na nikakaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Nilipofika hospitali viti vilikuwa vimekwisha kurudishwa kanisani.